Chakula Kilichogoma Kushuka

Mtaani kila mtu alimwita Bi Sindano, kwa sababu tangu ujana wake alikuwa akishona nguo za watu, na kwa sababu ulimi wake nao ulichoma. Alipofiwa na mumewe alihamia kwa mwanawe wa pekee, fundi umeme, akaja na cherehani yake na maneno yake yote. Mke wa mwanawe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mpole, asiyependa makuu. Wanawake hao wawili walichukuliana vizuri. Walicheka pamoja, wakamsengenya fundi umeme pamoja, mambo yakaenda.

Kisha Bi Sindano akaanza kuikwepa meza.

Mwanzoni alisema ameshiba. Baadaye akawa anachukua sahani yake na kwenda kula chumbani, mlango umefungwa. Sahani ilirudi karibu kama ilivyokwenda. Mwalimu alibadilisha mapishi: akalainisha wali, akapunguza mafuta, akapika supu ya viazi. Wapi! Mama mkwe alisema, "Asante, mwanangu," akabeba sahani yake, mlango ukafungwa.

"Mama yako hataki chakula changu," Mwalimu alimwambia mumewe.

"Mama anazeeka tu. Usimtilie maanani."

Lakini alitia maanani, tena sana, hasa siku alipokuwa dukani akamsikia jirani akimnong'oneza mwenzake, "Umemwona Bi Sindano alivyokwisha? Mkamwana anamlisha upepo." Mwalimu alilipia sabuni yake akaondoka, uso umemshuka. Njia nzima alikuwa akijibu kimoyomoyo maneno ambayo hakuweza kuyasema pale.

Siku moja maji yalikatika shuleni, wanafunzi wakaruhusiwa mapema. Mwalimu alifika nyumbani mchana akasikia kikohozi chumbani kwa mama mkwe, kikohozi cha mtu anayepaliwa. Akasukuma mlango bila hodi. Bi Sindano alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono ameiinua juu kama mtu aliyeelekezewa bunduki, shingo ameinyoosha, machozi yanamtoka. Mkononi mwake bilauri ya maji, miguuni ndoo. Kabla hajaulizwa chochote aliinama, na wali aliokula ukarudi vilevile, punje kwa punje.

"Funga mlango," alisema alipopata pumzi. "Na usimwambie mume wako."

Mwalimu aliufunga, lakini yeye akabaki ndani. Akamkalisha kitandani, akamfuta uso. "Mama, tangu lini?"

"Siku nyingi. Chakula kinafika hapa," akagusa kifua, "halafu kinagoma. Nikisimama wima nikanywa maji mengi, mara nyingine kinashuka. Mara nyingine ndiyo kama ulivyoona. Siku hizi hata maji yenyewe yananisumbua."

"Na mimi nilidhani unayachukia mapishi yangu!"

"Mapishi yako?" Bi Sindano alicheka kicheko kilichokatikia njiani. "Laiti ungejua ninavyoteseka harufu ikinifikia kutoka jikoni."

Ndipo akasema lililokuwa limemkaa moyoni. Dada yake mkubwa alianza hivihivi. Alikonda mpaka akaisha, na waliomtibu walisema ni saratani. "Nikajua zamu yangu imefika. Sasa niwahangaishe nyinyi kwa lipi? Bado vijana, mna maisha yenu."

Mwalimu hakujua alie au amgombeze. Akafanya yote mawili.

Fundi umeme aliporudi kazini aliambiwa yote. Mtu huyu aliyekuwa akipanda nguzo bila wasiwasi alikaa kitako akashika kichwa. Alisema labda wamwache mama apumzike, wasimtese na mahospitali.

"Apumzike na njaa?" mkewe akamuuliza.

Kesho yake fundi umeme hakwenda kazini, akampeleka mama hospitali.

Daktari bingwa wa magonjwa ya tumbo alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini. Bi Sindano alimezeshwa dawa nyeupe huku akipigwa picha, akaingizwa mdomoni mpira mwembamba wenye taa na kamera, kisha mrija mwingine wa kupima nguvu za misuli. Siku ya majibu walikaa watatu mbele ya meza ya daktari, fundi umeme akitikisa goti mpaka meza ikatetemeka.

"Si saratani," daktari alianza na hilo.

Kisha akawaonyesha picha. Umio, ile njia ya chakula kutoka kooni, ulikuwa umetanuka kama mfuko, na chini umechongoka. "Hapa umio unapokutana na tumbo kuna msuli unaofanya kazi ya mlango. Ukimeza, unatakiwa kulegea. Wako haulegei, na umio nao hauna tena nguvu ya kusukuma. Kwa hiyo chakula kinabaki juu."

"Utanipasua kifua?"

"Hapana, mama. Nitapitia mdomoni, na wewe utakuwa usingizini. Ule mpira wenye kamera unapitisha vifaa vidogo mpaka kwenye ncha yake. Nitatoboa tundu kwenye utando laini wa ndani ya umio, nipite kati ya utando huo na msuli hadi chini, halafu niukate ule msuli unaobana. Nikimaliza, nalifunga tundu kwa vibanio vidogo. Vitadondoka vyenyewe."

Bi Sindano alifikiri. "Kama mtu anayepitisha kamba ndani ya pindo la suruali."

"Hasa."

"Na kule ndani unafumua mshono unaobana kiuno."

"Mama, ukipona uje unisaidie kuwaeleza wagonjwa wangu."

"Nikipona, daktari, nitakuwa nakula. Sitakuwa na nafasi."

Hata fundi umeme alicheka, huku akijifuta macho kwa mkono wa shati. Daktari hakuwaficha hatari za upasuaji huo: damu inaweza kutoka, umio unaweza kutoboka, na baadaye kiungulia kinaweza kumsumbua. Bi Sindano alisikiliza yote, akauliza aje lini.

Siku yenyewe, kabla kitanda hakijasukumwa ndani, aliushika mkono wa mkamwana wake. "Nilijua wanavyokusema mtaani. Nilisikia, nikanyamaza, nikakuacha ubebe. Nisamehe."

"Utaniomba msamaha ukiamka," Mwalimu alisema, akijikaza.

Wakangoja kwenye korido, na muda walioambiwa ukapita. Fundi umeme alitazama dari. Taa moja ilikuwa inawaka na kuzimika. Akavumilia, mwisho uvumilivu ukamshinda, akamwomba muuguzi ngazi. Daktari alipotoka alimkuta huko juu, taa mkononi.

"Shuka kwanza," akamwambia. "Nina habari njema, sitaki uanguke."

Kulikuwa na mshipa mdogo uliovuja damu, ndiyo maana walichelewa. Ameuziba kwa kifaa kilekile cha kukatia. Msuli umekatwa, mama anapumua vizuri.

Kesho yake alipigwa picha tena kuhakikisha hakuna panapovuja, kisha akaruhusiwa maji. Mwalimu alimshikia bilauri. Bi Sindano akanywa funda moja, akaweka mkono kifuani, akiyasubiri yarudi. Hayakurudi.

"Yameshuka," akasema kwa sauti ndogo. Akanywa tena. Kisha akageukia ukutani akalia, na Mwalimu akamwacha alie, akimpapasa mgongo.

Nyumbani alianza na uji, kisha vikaja vyakula laini. Kiungulia nacho kilikuja kweli, akapewa vidonge na kuambiwa alale kichwa kikiwa juu, jambo alilolilalamikia kila asubuhi. Lakini mwili ulirudi.

Siku ya kwanza ya wali mezani, mwanawe na mkamwana wake walisahau sahani zao, wakamtazama kila tonge alilomeza.

"Mkinikodolea macho hivi nitawatoza kiingilio," alisema, akajipakulia kachumbari. Akatafuna, akameza, akakohoa. Wote wawili wakaruka kutoka vitini, mmoja na maji, mwingine na ufunguo wa gari.

Bi Sindano aliinua mkono, akapiga chafya.

"Ni pilipili," akasema. "Kaeni mle, chakula kinapoa."