Chapa ya Mzinga

Getruda ndiye aliyezitundika zile bahasha ukutani, na kwa mwaka mzima hakuna kitu alichojivunia kama hizo.

Kabla yake, Chumba cha Shauri kule Gongoni, nyuma ya soko la Tabora, kilikuwa na daftari moja kubwa juu ya meza. Kila aliyekuja kuandikiwa barua ya boma au kuulizia haki yake aliandikwa humo: jina, kijiji, shida. Waliongoja zamu waliinamisha shingo na kulisoma kutoka upande wa pili, herufi zikiwa kichwa chini. Mama mmoja wa mtaa wa Ng'ambo alikuta shida yake imeshafika kisimani kabla yeye mwenyewe hajafika nyumbani.

Basi Getruda, karani pekee wa chumba kile, aliyetoka chuoni na cheti kimoja na maneno mengi, akaiambia kamati iliyokisimamia kwamba majina yaondoke. Kila mtu awe na bahasha yake, kila bahasha na msumari wake, na juu ya bahasha mwenyewe achore alama anayoijua. Asiyejua kusoma asilazimike kumwuliza jirani. Aingie, aione alama yake, aseme ile pale. Kamati ikapiga makofi. Mwenyekiti, Mzee Sylvester, karani mstaafu wa reli ambaye bado alivaa saa ya mnyororo, alisema hata boma hawajawahi kufikiria jambo kama hilo.

Wakaja watu wa Ipole na Sikonge, warina asali, na hao hawakuhangaika kutafuta alama. Walichora chapa wanazokata kwenye mizinga yao: msalaba uliolala, nukta tatu na mkia, unyayo wa ndege. Getruda alizaliwa mjini, binti wa fundi cherehani. Kwake ilikuwa mikwaruzo tu. Hakujua kwamba porini mtu husimama chini ya mti, akakunja shingo, akaisoma chapa iliyo juu, na hapo hapo akajua mzinga ni wa nani, baba yake ni nani, na msitu wao unakomea wapi. Watu waitwao Anton ni wengi. Chapa ni ya nyumba moja.

Lakini kusema kwamba hakujua kabisa ni uongo, na hapo ndipo palipomchoma baadaye. Tekla alimwambia.

Tekla alikuja wakati wa kiangazi, amembeba mgongoni binti wa miaka saba aitwaye Bertila, mkubwa kupita kubebwa. Mumewe Anton alikuwa amefariki Ipole, na matanga yalipoanuliwa ukoo ukaamua kwamba mdogo wa marehemu, Masolwa, amrithi mjane. Tekla akakataa. Wakamwambia basi aende zake, ila mtoto abaki. Akapanda nyuma ya baiskeli ya mchuuzi wa nta pamoja na mtoto wake, akafika Tabora na vumbi hadi kwenye kope. Getruda alimwandikia barua ya mahakama, kisha akamtafutia mahali Igalula, kwa mjane mmoja mwenye shamba karibu na stesheni. Yote yakaingia katika bahasha: jina la mama, jina la mtoto, Igalula, nyumba ya tatu kutoka relini.

"Sasa chora alama yako," Getruda alimwambia.

Tekla aliishika kalamu kama anashika kisu. Akachora mistari miwili iliyosimama na mwezi mchanga juu yake.

"Hii ni ya baba yangu," alisema. "Sijui nyingine." Akasita, kidole bado kiko kwenye karatasi. "Ila watu wa kwetu wanaijua, dada karani."

Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Kuna mtu alikuwa anakohoa kwa makusudi.

"Watu wa kwenu hawaji hapa," Getruda alisema, akaitundika.

Ilipita miezi mitano. Tekla akalima, mahakama ikampangia siku ya kusikilizwa, na Getruda akasahau kwamba alikuwa ameonywa. Ndipo Masolwa alipoingia.

Alikuja kwa shida yake halali kabisa. Askari wa misitu walikuwa wamemshushia mizinga tisa wakidai imo ndani ya hifadhi, naye alitaka barua ya kwenda kumwona bwana misitu. Alikuwa mtu mpole, kofia mkononi, kibuyu cha asali kikining'inia begani.

"Shikamoo," Getruda alisema.

"Marahaba, binti. Watoto hawajambo?"

"Sina watoto bado."

"Watakuja. Wakichelewa ndio huja wengi."

Aliketi kwenye benchi. Getruda akaanza kuandika, naye akauangalia ukuta kama watu wa kwao wanavyoangalia miti, polepole, kutoka juu kushuka chini. Mara akaanza kucheka peke yake.

"Kumbe mmetuletea pori mjini. Yule si Masele? Alituaga kwamba anakwenda kung'oa jino. Jino gani linatundikwa ukutani? Na ile pale ya Limbu. Limbu naye ana kesi, na kila siku anajifanya mtakatifu." Kicheko kikaisha ghafla. "Na ile ya mzee Raymundi."

Kalamu ya Getruda ikasimama.

"Mzee Raymundi tulimzika mwaka wa nne huu," Masolwa alisema taratibu. "Hakuacha mtoto wa kiume. Alikuwa na binti mmoja tu, na huyo aliolewa na kaka yangu."

Ilimpasa Getruda aendelee kuandika. Badala yake aliitazama ile bahasha, kisha akamtazama mtu yule, na Masolwa akayaona yote mawili.

"Yuko wapi shemeji yangu?"

"Simjui shemeji yako."

"Unamjua. Umeiangalia kama mtu anavyoangalia chungu kinachotaka kufurika."

Mzee Sylvester alitoka chumba cha ndani kuuliza kuna nini, na Masolwa akamweleza, bila kupaza sauti, neno kwa neno, kama mtu aliyeyarudia mambo hayo njia nzima ya kwenda na kurudi msituni. Alisema kwamba mke halazimishwi. Kama hataki, hataki. Lakini mtoto ni damu ya kaka yake, na hajui hata kama anakula. Akakiweka kibuyu mezani.

"Hii ni yake. Tangu azaliwe hajala asali ya mtu mwingine, ila ya baba yake na yangu."

Mzee Sylvester akakiangalia kibuyu, akaishika saa yake ya mnyororo bila kuitazama.

"Kamati inakaa kesho saa nane mchana," alisema. "Njoo. Tutaifungua bahasha mbele yako."

"Mzee," Getruda alisema, "tulimwahidi yule mama."

"Tulimwahidi kutomtangaza sokoni. Huyu si soko, Getruda. Huyu ni baba mdogo."

Asubuhi Getruda aliwahi kufungua mlango kabla ya mtu yeyote. Akaichomoa bahasha ya Tekla kwenye msumari, akaifutika ndani ya khanga. Kanuni ya kwanza aliyoiandika yeye mwenyewe ilisema karatasi haitoki chumbani. Kisha akazigeuza zilizobaki, moja moja, chapa zikatazama ukuta. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Alisimama akazitazama zile bahasha tupu usoni, zote sawa, akaona kwamba mwenye bahasha angeingia tu na kunong'ona alama yake, karani akamtafutia. Dakika tano, na mwaka mzima alikuwa nazo.

Treni ya asubuhi ilimshusha Igalula jua likiwa bado chini. Njia nzima alikuwa amepanga maneno. Alimkuta Tekla nyuma ya nyumba ya tatu, anamenya karanga, maharage yanachemka kwenye mafiga, na Bertila amechuchumaa mbele ya kuku anayeatamia.

Tekla alimwangalia usoni mara moja tu.

"Masolwa amekuja."

"Amekuja. Ameiona chapa."

Tekla akavunja karanga nyingine. Akatoa punje, akatupa ganda.

"Nilikuambia."

"Uliniambia."

"Ukasema hawaji."

"Nilisema." Maneno yote aliyoyapanga ndani ya treni yalikuwa yamekimbia. "Nisamehe, Tekla. Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi yako ina paa?" Tekla aliuliza, na hakuwa na hasira, alikuwa anauliza kama anayeulizia bei. "Nikamlaze mwanangu humo? Nina magunia manne ya mahindi hayajavunwa pale. Mwenye nyumba ananiita mdogo wangu. Sasa nikaanzie wapi tena? Kaa na radhi yako, dada karani. Nipe bahasha yangu."

Getruda akampa. Tekla hakujua kusoma, lakini barua ya mahakama aliitambua kwa muhuri wake, akaifunga kwenye pindo la khanga. Karatasi zilizobaki, na bahasha yenyewe, alizisukuma chini ya chungu cha maharage. Zilikataa kidogo, kisha zikashika moto. Ya mwisho kuungua ilikuwa ile yenye mwezi mchanga, na wote wawili waliiangalia mpaka ikajikunja.

"Nikiondoka hapa usiulize nimekwenda wapi."

"Sitauliza."

"Hata siku nikitaka kukuambia mwenyewe, nikataze."

Bertila akainua kichwa. "Mama, tunaondoka? Na kuku wangu? Anatotoa keshokutwa."

"Atatotoa bila wewe."

Mtoto hakulia. Alirudi kumwangalia kuku wake, kwa bidii zaidi, kama mtu anayekariri. Getruda aliondoka hapo bila kuaga vizuri, akasimama stesheni kwenye kivuli cha tangi la maji, na kwa muda mrefu hakujua aiweke wapi mikono yake. Gadi wa treni ya mizigo alimhurumia, akampakia behewani.

Saa nane kamili alikuwa mbele ya kamati, masizi ya treni bado yako shavuni. Mzee Sylvester alikaa katikati, wajumbe wawili pembeni yake, na Masolwa kwenye benchi, kibuyu chake magotini. Nyuma yao bahasha zote zilikuwa zimegeuzwa, na msumari mmoja ulikuwa mtupu.

"Bahasha iko wapi?" Mzee Sylvester aliuliza.

"Imeungua."

"Imeunguaje?"

"Kwa moto, Mzee. Nilimrudishia mwenyewe, naye akaichoma. Ilikuwa yake."

Wajumbe wakaanza kusema kwa pamoja. Mmoja alisema ni wizi. Mwingine alisema kamati imevuliwa nguo mbele ya mgeni. Masolwa alingoja wamalize.

"Mtoto ni mzima?" aliuliza.

Getruda alimtazama yule mtu na kibuyu chake. Alitaka kumwambia habari ya kuku. Neno lilifika hadi kwenye meno: kuku anaatamia, keshokutwa vifaranga, na mtoto amenenepa. Lingekuwa jambo la huruma. Lakini mtu huyu alikuwa ameusoma ukuta mzima kwa mikwaruzo mitatu. Kuku mmoja angemfikisha wapi? Akalimeza.

"Sina la kukuambia, baba."

Masolwa akainama. Alisimama, akakiweka kibuyu mezani kwa mara ya pili, kisha akabadili nia, akakichukua, na hakujua tena akiweke wapi. Getruda aliona, na alijua kwamba hilo nalo ni lake, atalibeba pamoja na yale mahindi ya Igalula.

Mzee Sylvester alikohoa. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu anayetaka jioni imkute hana ugomvi.

"Mwanangu, wewe ni kijana, na kazi yako tunaipenda. Ulifanya haraka. Mwombe radhi huyu bwana, utuombe na sisi radhi, tuandike kwamba yamekwisha. Jumatatu uje kazini kama kawaida. Neno moja tu."

"Aliyestahili radhi yangu nilimpelekea leo asubuhi," Getruda alisema. "Akanirudishia."

"Basi wape waliokaa hapa."

"Hiyo si yenu."

"Getruda. Ukitoka bila kusema, ufunguo unabaki hapa mezani."

Alikuwa nao mkononi tangu asubuhi, umepata joto la kiganja. Akauweka juu ya meza, mahali kibuyu kilipokuwa.

"Siombi radhi, Mzee."