Kwa Nini Mzee Mabruki Hakuoa

Profesa Mwanabaraka alilisoma faili mara mbili, akamrudishia mwanafunzi wake. "Hana cheti cha kuzaliwa, hana kadi ya zahanati, hakusoma skuli. Umeandika asivyonavyo tu, Khatib. Utamtetea kwa lipi?"

Khatib alijikuna shingo. Alikuwa mwaka wa nne wa sheria, na hii ilikuwa kesi yake ya kwanza. Mwenye kesi alikuwa amekaa mbele yao, barazani kwake Ole, Pemba: Mzee Mabruki Nyange, mkulima wa muhogo, ambaye babake alitoka Msumbiji kuja kuchuma karafuu. Ofisa wa uhamiaji alimtaka athibitishe, kabla ya Alhamisi, kuwa alizaliwa Pemba baada ya Mapinduzi. La sivyo aondoke nchini. Aende wapi, masikini, mtu wa miaka hamsini na mbili ambaye hata Tanga haijui?

Profesa angeweza kuimaliza kesi ile mwenyewe, na ulimi ulikuwa ukimwasha. Lakini hakuna aliyejifunza kuogelea kwa kukaa pwani.

"Kuna swali hukuuliza," alisema.

Khatib alipekua karatasi. "Niliandika hajaoa. Kwa nini, sikuuliza. Niliona haya, ni mtu mzima."

"Mficha uchi hazai. Muulize."

Akauliza. Mzee Mabruki aligeukia shamba lake la muhogo, hata Profesa akaogopa kuwa amemuumiza bure.

"Nliposa," alisema mwishowe. "Mwatima, binti wa jirani. Mamaake akakataa, kasema kaninyonyesha. Nkabisha, nkenda kwa kadhi. Bi mkubwa yule kaapa mbele yake: mamaangu kafa siku ya kunizaa, hapa hapa Ole, mwaka wa tatu baada ya Mapinduzi, naye akanitia titini pamoja na Mwatima. Basi tukawa ndugu wa kunyonya, ndoa haramu. Miye sikutaka nke mwengine."

Khatib aliinuka ghafla. "Kadhi aliandika?"

"Kaandika. Nlibisha sana."

Siku mbili Khatib alifukua madaftari ya kadhi, akatoka na vumbi mpaka kwenye kope, na ukurasa wa mwaka 1992. Bi mkubwa yule aliyeapa alikwisha kufa. Akaenda Chokocho kwa Mwatima, sasa mjane, naye akamfungia mlango. "Tokea siku ile hajaniita dada. Akiniona njiani hupita kando. Leo ndo kanikumbuka?"

Alhamisi, katika ofisi ya uhamiaji Chake Chake, Khatib alisoma ukurasa ule. Profesa alikuwa ameikalia mikono yake miwili asije akamkatiza. Fahari ilimjaa, na hofu vilevile.

"Vizuri," alisema ofisa. "Lakini nitajuaje kuwa Mabruki wa humu ndiye huyu?"

"Mimi namjua."

Mwatima alikuwa mlangoni, buibui lake limejaa vumbi la njia. Mzee Mabruki aligeuza uso ukutani.

"Ni nani wako, Bi?" ofisa aliuliza.

"Muulize yeye kwanza."

Chumba kizima kikamtazama mzee. Kwa mara ya kwanza katika kesi ile Profesa hakuwa na la kumsaidia mtu. Miaka ishirini na saba mzee alilikimbia neno moja.

"Dada yangu," alisema Mzee Mabruki, akalia.

Mwatima alikuja akakaa karibu naye. "Umesikia?" alimwambia ofisa. "Ndugu yangu huyu, kazaliwa Ole. Sasa andika."

Ofisa akavuta fomu.