Pistoni ya Tatu

Wiki mbili kabla ya tamasha la kumuaga, Papa Séraphin alipewa programu iliyotoka kuchapwa, akaisoma amesimama kwenye ngazi za chuo, pale Saint-Gilles, Brussels, miwani imemshuka puani. Wimbo wa mwisho: "Machi ya Likasi". Mtunzi: Padiri Lambert. Yeye mwenyewe alikuwa chini kabisa, baada ya mtu wa maua: kiongozi wa bendi, Séraphin Kabange.

Machi ile, wimbo wa gwaride, aliitunga yeye. Aliitunga mwaka wa themanini na sita, kijana wa miaka ishirini na sita, mwalimu wa bendi kwenye koleji ya mapadiri kule Likasi, Kongo.

Mwenye kumbukumbu fupi atasema kosa ni lake. Na kweli, mkono ulikuwa wake. Katika koleji ile, sikukuu ya mtakatifu wa jina la padiri mkuu, Lambert huyo, ilipofika, kila mtu alileta zawadi: huyu mbuzi, yule shairi. Séraphin alileta machi. Kwa heshima akaandika jina la padiri juu ya karatasi, herufi kubwa, mahali pa mtunzi. Lake akalibana pembeni: "imenakiliwa na S. Kabange." Ndivyo tulivyolelewa, zawadi ilibeba jina la anayepewa. Padiri alishukuru, akapiga makofi, na aliporudi kwao akaitia sandukuni. Huku Ubelgiji ikachapwa. Hakuuliza, hakusahihisha, akafa nayo. Shaba ya matarumbeta ya koleji ilichimbwa kwetu, ikaenda Ulaya, ikarudi na majina ya mafundi wa Ulaya. Mnashangaa nini wimbo nao kupita njia hiyo hiyo?

Séraphin alinyamaza. Alipofika Brussels alisukuma vitanda vya wagonjwa huko Jette miaka tisa, akipiga mluzi koridoni, kisha chuo kikampa bendi ya wanafunzi, na miaka kumi na tano akawafundisha kupumua. Aliwatungia nyimbo za kila mahafali. Machi ile hakuigusa. Sasa wanafunzi wameifukua wenyewe kwenye maktaba, wameifanyia mazoezi kwa siri, wanataka kumpa zawadi. Zawadi tena!

Alikwenda kwa mkuu wa chuo, Madame Mathilde. Mwanamke mwema, ila wema wa ofisini: kiti, kahawa, na "ninakuelewa".

"Nakuamini, Séraphin. Lakini karatasi iliyochapwa inasema vingine. Una hati? Barua?"

"Nina masikio."

Madame alitabasamu kwa huzuni, akamsomea maelezo ya mtaalamu yaliyokuwa kwenye programu. Eti besi ya machi hii haitembei, inaruka. Ni roho ya Afrika, ambayo padiri aliinasa kwenye ngoma za vijijini.

Séraphin aliangua kicheko. Akakikata ghafla, maana kicheko kilikuwa kinageuka kitu kingine.

Siku hiyo hiyo alipanda tramu hadi Forest, kwa Ghislain. Huyu ndiye aliyekuwa mwanafunzi wake wa bombardon kule Likasi, lile dude la besi linalomzunguka mtu kama chatu, lenye vibonyezo vitatu, pistoni, vya kubadili noti. Tangu kiwanda cha magari alikofanya kazi kifungwe, Ghislain alikuwa nyumbani, anapanda lengalenga, mchicha wa kwetu, kwenye ndoo za balkoni.

"Ghislain, unakumbuka ile bombardon ya koleji?"

"Ntaisahau namna gani, Maître? Iliniharibia midomo! Na piston ya tatu ilikuwaka imekufa. Tuliitiaka hata mafuta ya mawese."

"Donc, noti ya re, ile ya chini?"

"Re gani? Haikukuwaka! Ile re inaomba piston ya kwanza na ya tatu. Weye njo uliniambia: 'Usilie, ntakupitisha juu yake.' Ukaandika do, halafu mi. Nikawa naruka sawa mbuzi kwenye mufereji."

"Bon. Wazungu wanasema ni roho ya Afrika."

Ghislain aliweka kikombe chini. "Ni kutu, Maître. Uwaambie ni kutu."

Alhamisi mchana, saa ya mazoezi, Séraphin aliingia na Ghislain, akamwita na Madame Mathilde. Akaomba uzi. Akaizungushia uzi pistoni ya tatu ya tuba, bombardon ya siku hizi, ya Graciella, msichana wa mwaka wa pili, hadi isiweze kushuka.

"Tonton, unaharibu tuba ya chuo!" alilia Graciella; wanafunzi wote walimwita hivyo, yaani mjomba.

"Siharibu, naifunga. Piga Machi ya Likasi. Yote."

Graciella alipiga mwanzo hadi mwisho. Hakuna noti iliyokwama. Séraphin akamfungulia machi nyingine ya programu. Kwenye mstari wa kwanza tu tuba ilikohoa, ikatoa sauti ya ndama, darasa likacheka. Akamfungulia ya tatu. Ikakohoa vilevile.

"Aliyeandika hii," Séraphin alisema, "alijua pistoni ipi imekufa."

Madame alifikiri. "Lakini padiri naye angeweza kujua."

Hapo Ghislain akasimama.

"Padiri? Madame, kila Dimanche kwenye misa alinipigisha magoti mbele ya watu, juu nilirukaka re kwenye wimbo wa kanisa. Aliniita muvivu! Maître alifichaka mambo ya ile piston, kusudi wasiseme njo yeye aliharibu kintu ya koleji. Tulijua watu wawili. Mi na yeye."

Madame alichukua programu moja, akasema, "Programu mia tatu zimekwisha chapwa."

"Na kalamu ziko ngapi?" Graciella aliuliza.

Wanafunzi wakakaa sakafuni, mafungu ya programu magotini. Madame Mathilde akavua koti, akachukua fungu lake. Kalamu ilipofika kwenye jina la padiri, akainua macho. "Nilifute?"

Séraphin alimkumbuka mzee yule akipiga makofi, na Ghislain akiwa magotini.

"Hapana. Tangulizeni 'Kwa'. Kwa Padiri Lambert. Zawadi nilimpa, sikatai. Halafu andikeni mtunzi ni nani."

Wakaandika. Mara mia tatu, Kabange, wengine wakikosea, wakilinganisha na lile lililochapwa chini kabisa.

Yeye akaenda kwenye karatasi ya Graciella. Kati ya do na mi akachora noti moja, kwa wino. Akakata uzi.

"Tonton, si ulisema uliiandika hivyo?"

"Niliandikia chombo kilichokufa. Chako ni kizima. Piga."

Graciella akavuta pumzi, akapita do, akaikanyaga re, nzito, hadi vioo vya madirisha vikanguruma. Ghislain alikuwa amefumba macho, vidole vitatu vinabonyeza gotini.

"Quarante ans, miaka makumi ine, Maître," akasema. "Rudisha tena."

Séraphin akainua fimbo.