Mwandiko wa Mwalim Marhoun

Printa ya Buthaina ilikuwa korofi, hukwama karatasi kila siku, lakini siku ile Wete nzima hakukuwa na kitu chenye thamani kuipita. Ndani yake mlikuwamo mwandiko wa baba yake, Mwalim Marhoun, na mahali pengine popote haukuwapo.

Hebu tuelewane. Mzee alipokuwa mzima alikuwa na mwandiko, mashaallah, hata asiyejua kusoma aliutazama. Buthaina, mwenye ofisi ya kuchapa katika chumba cha mbele cha nyumba yao, alimchoresha herufi moja moja akazitia kwenye kompyuta. Karatasi zenyewe zililiwa na mchwa, na mzee akapooza mkono wa kulia. Akabaki na ombi moja: tenzi zake zichapwe kwa mwandiko wake, zibaki.

Asubuhi ile Buthaina alizituma herufi kwenye printa, akachapa mstari mmoja wa kujaribia. Kuinua kichwa, kompyuta imekufa, na herufi zimekufa nayo. Disketi iliyobaki ilikuwa na maneno ya tenzi tu.

Akampigia simu Mundhir, fundi wa Chake Chake.

"Usilie," alimwambia. "Printa ikishapelekewa herufi huziweka kichwani. Nakuja na kompyuta yangu, tutaipa maneno, nayo itayaandika kwa mkono wa Mwalim. Lakini usiizime! Ukiizima tu, zimekwenda."

"Na umeme ukikatika?"

"Si una betri? Itashikilia."

Mundhir hajafika, mzee akakata roho. Inna lillahi.

Nyumba ikajaa watu. Akaja hata Bi Umkulthum, dada wa marehemu tumbo moja, ambaye tangu vyama vingi kuja hakukanyaga kizingiti kile. Yeye chama hiki, kaka chama kile. Harusi hawakualikana, maziko hawakuzikana. Siasa gani hiyo, jamani, ya kumnyima mtu nduguye! Buthaina alimkumbatia mlangoni, wakalia mpaka sauti zikakauka.

Kisha Bi Umkulthum akajifunga kanga kiunoni, akaanza kuiweka nyumba kimsiba. Akazima redio. Akazima televisheni. Akaingia chumba cha mbele, akakuta kitu kinanguruma, kitaa cha kijani kinawaka.

"Astaghfirullah, maiti imo ndani na vyombo vinawaka!" alisema akirudi ukumbini. "Hata hicho chako cha mbele nimekizima, mwanangu."

Neno lilimfika Buthaina ulimini, chungu kama shubiri. Akamtazama shangazi yake: macho yamevimba, kasimama kama mgeni katika nyumba aliyozaliwa. Neno moja tu, angetoka asirudi tena.

"Au nimekosea?" Bi Umkulthum aliuliza.

"Hujakosea, shangazi. Ahsante."

Akamwangukia kifuani, akalia kilio kilichowanyamazisha wasomaji wa Yasini.

"Mwacheni," wanawake waliambiana, "anamlilia babake."

Na kweli alikuwa akimlilia baba. Kamfia mara mbili siku moja, na hii ya pili hakuwa na wa kumwambia.