Bawaba ya Kushoto

Usiku wa jana niliota bawaba ya taya langu la kushoto imechomoka mbele ya sikio, imeketi kwenye mto wangu, imekunja nne.

"Mwanakheri," inaniambia, "najiuzulu."

"Huwezi. Kesho Jumamosi naenda kumposea kaka yangu. Nikishindwa kufungua kinywa atakayesema ni ami Shekuwe, na ami hajui kuposa. Anajua kununua ng'ombe."

"Hilo ungelikumbuka kabla ya kunitukana. Miezi miwili unanikanda mafuta, unaniita mbovu. Umewahi kuniuliza?"

Sikuwahi. Ami alisema taya linauma kwa sababu nasema sana. Daktari aliyeniziba gego alisema, "Utazoea, dada." Nizoee nini? Hata muwa sitafuni tena!

Ninapotaka kujitetea, chumba ni karakana ya marehemu babu, fundi milango. Nimesimamishwa ndani ya fremu, maana mlango ni mimi. Babu ana penseli sikioni, kama zamani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mlango. Nani kasema bawaba hii mbovu?"

"Ami."

"Huyo mwanangu aling'oa bawaba tatu za mlango wa madrasa. Mlango ukabaki unakwama vilevile."

Anapaka fremu chaki ya buluu, kama alivyofanya kwa kila mlango uliogoma, aone unagusa wapi. "Funga." Nafunga. "Fungua." Nafungua.

Nina nukta moja tu ya buluu, kwenye gego la nyuma.

"Basi," anasema babu. "Mlango unaogusa mahali pamoja tu hujipinda kutafuta pa kukaa. Anayeumia ni bawaba."

"Sikujirefusha," linasema gego. "Nilizibwa. Daktari alisema wenzangu watazoea."

"Tuzoee nini?" yanafoka meno mengine yote. "Hatujagusana na wenzetu wa juu tangu Mfungo Sita, miezi miwili sasa!"

"Na matusi nimekula mimi," inasema bawaba.

Naona haya. Naiomba radhi. Inaniambia radhi haipunguzi urefu wa gego.

Babu anachukua randa. "Kiasi cha unywele tu," anasema. "Asikudanganye mtu ung'oe mlango mzima." Anainama, anapuliza vumbi, na mimi naamka.

Jua limekwishapanda. Ami yuko mlangoni, kanzu imepigwa pasi.

"Mwanangu, wewe lipumzishe taya. Maneno ya posa nimekwishayakariri. Naanza na mahari."

Nikaenda kwenye kioo, nikapanua kinywa mpaka machozi yakanitoka. Kwenye gego la nyuma palikuwa na nukta ya buluu, ndogo kama punje ya mtama, na ulimi wangu ulikuwa na ladha ya chaki.

Sikupiga mswaki. Sikunywa chai. Ami aliponiuliza nakwenda wapi, nilimtikisia kidole tu, mimi nisiyekosa jibu tangu kuzaliwa. Nikatembea mpaka kwa yule daktari, midomo nimeifumba, meno nimeyaachanisha, ili ushahidi usifutike.