Risasi za Komakech

Mimi nimechoka na risasi. Miezi saba nimeishi nazo chumba kimoja, na miezi saba zilinitawala kuliko mama mkwe.

Mume wangu, Komakech, alitunza stoo ya silaha katika kituo kimoja cha polisi hapa Kampala. Mvua ya mwaka sabini na sita ikatoboa paa la stoo, mkubwa wake akamwambia kwa mdomo tu, bila karatasi: peleka sanduku moja nyumbani kwako mpaka tutengeneze. Risasi mia na ishirini. Paa lenyewe halijatengenezwa mpaka leo.

Basi sanduku likaja, likaja na sheria zake. Lisikae sakafuni, saruji inatoa unyevu. Akalitengenezea kichaga cha mbao. Lisikae karibu na dirisha, jua litaliunguza. Watoto wasiliguse. Na sigiri yangu itoke nje. Nje, jamani, na mvua ile! Nilipika posho nimejifunika gunia, moshi umejaa machoni, huku risasi za serikali zimelala pakavu. Nikamwambia, "Sema tu umeoa mke wa pili." Akacheka, akapitisha kidole kwenye lakiri nyekundu kuona kama iko salama.

Februari ya mwaka uliofuata wanajeshi wa serikali wakaanza kutuchukua sisi Waacholi. Komakech alichukuliwa kazini, siku ya Jumanne. Mkubwa wake akaruka, akasema hakumtuma mtu kupeleka kitu nyumbani. Ikasemwa Komakech ameuza risasi kwa magendo.

Jirani yangu Séraphine, Mkongo anayeuza samaki wakavu Kalerwe, alikuja akakaa kitandani kwangu. "Mama Acayo," alisema, "hii kitu itakuua wewe na watoto. Twende tuitupe kwa maji, kule Namuwongo."

Alisema kweli. Wakilikuta kwangu, tumekwisha. Lakini nikilitupa, Komakech atakuwa mwizi kweli, na mimi ndiye nitakuwa nimemfanya mwizi. Sanduku zima, na lakiri yake, ndilo shahidi pekee aliyembakia. Siku tatu niliogopa. Siku ya nne nikachoka hata kuogopa. Nikaliweka kwenye beseni, Séraphine akalifunika kwa samaki wake, nikajitwika kulirudisha kituoni. Kwenye kizuizi askari aliziba pua, akanipungia mkono nipite.

Karani mpya wa stoo ya kituo alikuwa Mganda mmoja mnene, mtu mzima, mpole wa sauti. "Nyabo, mama, hii lisasi ulitoa wapi?" aliniuliza.

Nikamweleza yote: paa, mkubwa, kichaga, moshi. Nikamwambia aangalie lakiri, haijaguswa. Akaikata, akazihesabu mbele yangu moja moja. Hakuna hata moja iliyoshika kutu. Nikaona haya kwa maneno yote niliyomtupia Komakech kwa ajili ya sigiri. Sasa watamwachia, niliwaza. Hawana tena la kumshikia.

"Mia na ishilini," alisema karani. "Yote iko. Ule mzee alikuwa anaangaria vizuri."

Alikuwa.

Mimi nimekulia Nakuru, baba yangu alifanya kazi reli, na Kiswahili cha Kampala kinanichosha masikio. Watu hawa ya jana wanayasema kama ya leo, na ya leo kama ya jana. Nikashikilia hapo hapo.

"Anaangalia," nikamwambia. "Sema, anaangalia vizuri."

Akavua kofia yake, akaiweka juu ya meza kando ya risasi.

"Nyabo," alisema polepole, akitafuta kila neno, na safari hii hakukosea hata moja, "mume wako alikuwa anaangalia vizuri."