Vidole Viwili Vilivyobaki

"Tatizo lao lilikuwa nini?" nilimuuliza tena, na yule msichana akatazama dirishani badala ya kunitazama mimi.

Nilitabasamu, maana mkaguzi alikuwa nyuma ya darasa, ameketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakikaribia kumgusa kidevu. Tabasamu lilikuwa la midomo tu. Nilikuwa bado kwenye muda wa majaribio, na mwalimu mkuu alikwisha kuniambia bila kuzunguka kwamba nikiharibu siku ile nianze kufungasha virago.

Somo lenyewe halikuwa na makuu. Niliwafundisha watoto wa darasa la kwanza kwamba hadithi hushikwa kwa mkono mmoja. Dole gumba ni wahusika: ni akina nani? Kidole cha pili ni mandhari: wako wapi? Cha kati, kirefu kuliko vyote, ni tatizo. Kinachofuata ni yale waliyoyafanya, na kile kidogo ni mwisho. Msimuliaji hukunja kimoja kimoja mpaka ngumi ifunge, na ngumi ikifunga wenzake humpigia makofi.

Nisijitie utakatifu, tulikuwa tumefanya mazoezi. Pale shuleni kila mwalimu aliyesikia mkaguzi anakuja alifanya hivyo hivyo. Hadithi yetu ya sungura aliyepoteza kiatu watoto waliikariri mpaka wakawa wanaiota, na msimuliaji alikuwa msichana tuliyemwita Kipaza, kwa sauti yake iliyokuwa ikisikika hadi ofisini. Mwalimu mkuu naye alipita darasa kwa darasa akionya: kesho asikose mtu, asichelewe mtu, na ya nyumbani yabaki nyumbani.

Kipaza akasimama mbele, sauti kama ya mgonjwa. Akakunja dole gumba. "Wahusika ni dada na mdogo wake."

Sungura wangu alikuwa wapi? Nilimkonyeza, nikamtolea macho, nikakohoa. Akakunja kidole cha pili na kusema mandhari ni nyumbani. Ndipo nikamuuliza tatizo, mara ya kwanza na mara ya pili, nikiwaza ajira yangu inavyomwagika mbele ya mgeni.

"Tatizo," alisema mwishowe, akikunja cha kati, "mdogo wake amefungiwa ndani na jiko linawaka."

Darasa lilichangamka. Tatizo hili lilikuwa tamu kuliko kiatu cha sungura. Mmoja akaleta wazima moto, mwingine akaleta simba mpole wa kuvunja mlango, na mvivu wetu wa dawati la nyuma akashauri mtoto atokee dirishani mambo yaishe. Mkaguzi alicheka. Nikashusha pumzi kidogo, nikamhimiza Kipaza aende kidole kinachofuata.

Hakukikunja. Alikishika kwa mkono wa pili, akakibana kwa nguvu.

"Walifanya nini?" niliuliza.

"Bado, mwalimu."

"Basi tupe mwisho wake."

"Sijui mwisho wake. Mimi nilikuja shule."

Nimefundisha miaka mingi tangu siku ile, na siku hizi nafundisha hata walimu, lakini sentensi iliyonitisha namna ile sijaisikia tena. Nilipiga magoti mbele yake nikamuuliza sikioni kama ni kweli. Akanimwagia yote kwa mnong'ono. Mama yake alitoka alfajiri kwenda kufanya usafi maofisini. Mama yake mdogo ndiye aliyekuwa aje kukaa na mtoto, lakini alichelewa, na Kipaza alikuwa ameambiwa asichelewe. Akasukuma komeo kwa nje ili mtoto, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, asitoke barabarani. Jikoni kulikuwa na maji ya kumwogesha, yaliyobandikwa na mama. Jiko alikuwa amekatazwa kuligusa, kwa hiyo hakuligusa.

"Mzee, nakuachia darasa," nilimwambia mkaguzi, na sikungoja jibu. Mwalimu mkuu alinifuata kwa maswali barandani mpaka langoni. Hata yeye sikumjibu.

Tulikimbia. Kipaza alikuwa mbele, begi likimgonga mgongoni, nami nyuma yake na kiatu kimoja, kingine kimebaki kwenye mtaro karibu na kinyozi. Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Kila moshi uliopanda juu ya mapaa niliuona kuwa ni wetu. Mshona nguo aliyekuwa kibarazani alituuliza kuna nini, akaacha cherehani akatufuata bila kujua anakokwenda.

Komeo lilikuwa pale pale, limefungwa. Ndani kimya. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kusikia kilio, na kimya kile sikujua nikifanye nini. Mshona nguo alinipita akafungua.

Chumba kilinuka chuma kilichoungua. Maji yalikuwa yamekauka, kitako cha sufuria kimekuwa chekundu, na taulo iliyoning'inia kitini imeanza kubabuka upindo. Nikazima jiko. Mtoto alikuwa chini ya meza, anatafuna ndala ya mama yake, akatutazama kama wageni tuliokuja bila taarifa. Nilimkumbatia nikaketi sakafuni na kulia mbele ya mwanafunzi wangu.

Mama mdogo alifika tukiwa bado pale, anahema, mwanawe mwenyewe amemfunga mgongoni, anatokea zahanati. Alipoiona sufuria aliketi kizingitini. Baadaye aliinuka akasema anakwenda kumwita dada yake kazini. Sisi tukarudi shule na mtoto.

Mkaguzi tulimkuta amesimama mbele, koti amevua. Watoto wote walikuwa wameinua mkono, vidole viwili vimesimama.

"Nimejaribu kuwapeleka kwenye hesabu," alisema. "Wamekataa kushusha."

Kipaza akawaonyesha mdogo wake. Hakuna aliyepiga makofi. Walikuja mmoja mmoja wakamgusa mtoto, wakarudi kukaa.

Mkaguzi alivaa koti lake, akaniambia atarudi wiki ijayo. "Na huyo sungura umpumzishe," aliongeza. "Wameshanisimulia, tena wote kwa pamoja."

Nilitaka kucheka, lakini Kipaza alikuwa ananivuta gauni.

"Mwalimu, hii mama asisimuliwe."

Nilimwambia mama yake yuko njiani, na nitakayesimulia ni mimi, yeye asimame nyuma yangu. Alifikiri kidogo, kisha akazunguka nyuma ya gauni, akaunyoosha mkono na kumshika mguu mdogo wake, niliyekuwa nimempakata. Barandani nilisikia mtu anakuja mbio, nikakunja dole gumba, nikageukia mlango.